MAFUNDI NA WAKALA: NANI ANAKULA JASHO LETU?



Asubuhi yoyote kwenye lango la mgodi, hapa Kolwezi au kule Likasi, mtaona mafundi wa namna tatu. Wa kwanza ana kadi ya kampuni yenyewe. Wa pili ana kadi ya wakala aliyemkodisha kwa kampuni. Wa tatu hana kadi. Ana vyombo vyake vya kuchomelea na anangoja kuitwa kwa siku moja au mbili. Wote watatu wanaweza kuchomelea bomba moja. Lakini malipo yao si sawa, wala matibabu yao wakiumia.

Sisi mafundi tunaulizana kila mara: ni afadhali kujitafutia kazi wenyewe, au kupitia kwa wakala? Tunataka kutoa maoni yetu waziwazi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1910, wakati wa Wabelgiji, iliundwa Bourse du Travail du Katanga ili kukusanya watu vijijini na kuwapeleka migodini. Wazee wetu walikuja kwa muda mfupi, wakarudishwa, wakaletwa wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu, pamoja na wake na watoto wao. Haikufanya hivyo kwa huruma. Iliona kwamba kubadilisha watu kila mara kunagharimu kuliko kumtunza fundi anayeijua kazi. Leo hesabu hiyo imesahauliwa, na mtu wa katikati amerudi.

Tuseme haki: wakala ana faida yake. Fundi asiyejulikana na mtu hupata kazi ya kwanza kwa njia hiyo. Na anayekwenda peke yake ana taabu zake. Tumeona wenzetu waliofanya kazi wiki tatu kwa mapatano ya mdomo tu, na siku ya malipo mwenye kazi haonekani.

Lakini kumwonyesha mtu mlango ni kazi ya siku moja. Kwa nini basi wakala alipwe kila mwezi? Mmoja wetu amechomelea mahali pamoja miaka sita. Katika muda huo wakala wamebadilika mara tatu; yeye hakubadilika, wala msimamizi wake. Kila wakala mpya alimwandika kama mtu aliyeanza kazi jana. Alipoungua mguu, kampuni ilimwambia: nenda kwa wakala wako. Wakala akamwambia: umeumia kwa kampuni. Huo ndio ubaya wenyewe. Wakati wa kuamuru, mabwana ni wawili. Wakati wa kulipa, hakuna hata mmoja.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 chasema kwamba kibarua wa siku aliyekwisha fanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Na Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala hamtozi mfanyakazi ada ya kumpatia kazi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kila fundi aandike siku zake za kazi katika daftari, pamoja na mahali na jina la msimamizi. Tusianze kazi bila karatasi inayotaja mwajiri, malipo, na nani atamlipa daktari. Wanaojitafutia kazi waende kwa kikundi na wapatane bei moja, maana anayepunguza bei yake leo anapunguza ya wenzake kesho. Walio chini ya wakala wajiunge na chama, nacho chama kidai kwamba kazi ya kudumu ipewe mtu wa kudumu, aliyeandikwa na kampuni yenyewe.

Nanyi wenzetu wenye kadi ya kampuni, msitutazame kama wageni. Wakala aliye langoni leo, kesho ataingia katika karakana yenu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.