Bukavu: Kati ya mwenye nyumba na fundi, karatasi moja inakosekana

Mvua za mwezi wa tisa zikikaribia, wakaaji wengi wa Bukavu wanaanza kutafuta fundi wa kutengeneza paa. Jirani anataja mmoja. Bei inapatanwa mlangoni, avansi inatolewa mkononi, bila karatasi wala shahidi. Siku tatu za kwanza fundi anafika mapema. Siku ya nne simu yake haipatikani, mabati ya zamani yameshatolewa, na watoto wanalala chini ya shitingi.

Ni rahisi kusema kwamba mafundi ni wezi. Lakini mara nyingi avansi ya nyumba hii imekwenda kumalizia kazi ya nyumba ile, kwa sababu mwenye nyumba ile alikataa kulipa sehemu iliyobaki. Fundi naye ana kodi ya nyumba na karo ya watoto. Deni linahama kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na anayekuja mwisho ndiye anayelia.

Kinachoharibu ni namna ya kupatana. Pesa ya vifaa na pesa ya kazi zinachanganywa, kisha zote zinawekwa katika mfuko mmoja. Mwenye nyumba anayeenda dukani pamoja na fundi, akanunua mwenyewe sima, misumari na mabati, na kubaki na fakture, tayari amepunguza nusu ya hatari. Malipo ya kazi yafuate hatua: kidogo wakati wa kuanza, sehemu nyingine paa likifunikwa, na ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza kuonyesha kwamba halivuji.

Kwa upande wa umeme, kosa ni kubwa zaidi. Katika komini ya Kadutu, nyumba za mbao zimebanana mlimani na gari la kuzima moto linakosa njia. Waya uliofungwa vibaya kwa kutafuta bei ya chini unaweza kuunguza nyumba za majirani ambao hawakumjua hata huyo fundi. Hapo mwenye nyumba ana haki ya kuuliza: ulijifunza wapi? INPP, taasisi ya serikali iliyoanzishwa 1964, inafundisha kazi za ufundi, umeme ukiwemo. Ni kweli, mafundi wengi hodari walijifunza kazi kwa kumfuata fundi mkubwa, na hawana cheti. Basi waonyeshe nyumba mbili walizozifanyia kazi, na wenye nyumba hizo waulizwe.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 95 cha kitabu cha sheria za makosa ya jinai kinamwadhibu mtu aliyepewa pesa kwa matumizi fulani naye akazila: kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Lakini anayeshitaki anahitaji kuonyesha kwamba pesa ilitolewa, na ilitolewa kwa kazi gani. Bila maandishi, inabaki neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: majina ya wote wawili, kazi yenyewe, bei, hatua za malipo, siku ya kumaliza, sahihi, na shahidi mmoja. Shefu wa avenyu anaweza kuwa shahidi huyo. Karatasi hiyo inamlinda fundi pia, maana mwenye nyumba hataweza kugeuza bei kazi ikiisha.

Wengi wanaona aibu kumwandikisha fundi aliyeletwa na ndugu au muumini mwenzao wa kanisa. Wanasema ni kumkosea imani. Lakini ugomvi wa avansi umekwisha kutenganisha ndugu wengi katika mji huu. Fundi mwaminifu hataogopa kutia sahihi, na anayekataa kuandika amejulikana kabla ya kugusa bati hata moja.