Mfuko wa muuguzi usigeuzwe ushahidi wa wizi

Muuguzi anayemaliza zamu ya usiku katika wodi ya wazazi, iwe Mwanza, Kisumu, Mbale au Gitega, mara nyingi hufika nyumbani na vitu ambavyo hakukusudia kuvibeba. Akipekua mifuko ya sare kabla ya kuifua hukuta jozi ya glavu, kipande cha plasta, kalamu ya wodi, na pengine kichupa cha dawa au bomba la sindano ambalo bado halijafunguliwa.

Wakuu wa afya katika nchi jirani wana sababu ya kuwa wakali. Wizi wa dawa za umma upo. Bohari ya Dawa ya Tanzania huweka alama ya GOT kwenye dawa za Serikali, na Uganda huchapa maneno ya kuonya kuwa dawa zake si za kuuzwa. Mwaka 2009 Uganda iliunda kitengo chini ya Ikulu kufuatilia dawa na huduma za afya. Alama hizo husaidia dawa ya Serikali inapokutwa kwenye duka la mtu. Hata hivyo, haziwezi kueleza nia ya aliyeibeba.

Hapo ndipo penye kosa. Aliyepakia katoni na aliyesahau glavu mfukoni wakitishwa kwa adhabu moja, anayeogopa zaidi ni aliyesahau. Badala ya kurudisha, hutupa jalalani au huficha kabatini. Kituo kimepoteza kifaa, na mwizi wa katoni anaendelea na biashara yake.

Jozi moja ya glavu si kitu kidogo. Boksi la glavu 100 ni jozi 50 tu, na wodi yenye shughuli nyingi hulimaliza upesi. Glavu zikiisha, mama mjamzito huambiwa aje na zake, pamoja na pamba na wembe. Asiye na fedha huchelewa kufika, au hajifungulii kituoni kabisa.

Hatari nyingine iko nyumbani kwa muuguzi mwenyewe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Mtoto akichomwa na sindano iliyotumika, dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Familia itakayosita kwenda hospitali kwa kuogopa kuulizwa sindano ilitoka wapi inapoteza saa hizo.

Wanaolaumu waulize kwanza kwa nini vifaa huishia mfukoni. Usiku muuguzi mmoja huhudumia wodi nzima. Toroli ni moja, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo ameshaondoka. Muuguzi mwenye busara huchukua akiba mapema, kwa sababu mama anayevuja damu hawezi kusubiri ufunguo. Mfuko wa sare ndio toroli yake.

Dawa kali za maumivu kama mofini na pethidini ziendelee kuhesabiwa na kutiwa saini kila zamu, bila huruma. Sindano iliyotumika iingie kwenye kisanduku cha usalama palepale kitandani, isipite mfukoni hata kwa dakika moja. Kwa vilivyobaki, kila wodi iweke sanduku la kurudishia karibu na mlango wa kutokea, na anayerudisha asiulizwe jina. Hospitali zitenge chumba cha kubadilishia nguo na zifue sare zenyewe, ili mifuko ipekuliwe kabla ya kutoka getini.

Hayo hayahitaji mkopo wala mfadhili. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, na wagonjwa huvuka Busia, Namanga na Mutukula kutafuta tiba. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wanapokutana, waweke mwongozo mmoja unaotenganisha kusahau na kuiba. Mwizi afikishwe mahakamani, na muuguzi aliyesahau apewe mahali pa kurudisha.