Eti Eigen haijengwi

"Maktaba ya heda tupu haina kazi. Nakili folda, andika #include, basi." Waandishi wa C++ husema hivyo, na mfano wao wa kwanza huwa Eigen, maktaba ya hesabu za matriki.

Eti hakuna cha kujenga. Ni kweli kwamba Eigen haikupi faili la .so wala la .a. Lakini violezo vyake hukompailiwa ndani ya programu yako, upya katika kila faili la .cpp linalovitumia. Kazi ipo palepale, ila umetwishwa wewe. Catch2, maktaba ya majaribio iliyopata umaarufu kwa heda yake moja, iligeuka maktaba ya kujengwa katika toleo la 3 mwaka 2022, ili kupunguza muda wa kukompaili.

Eti kunakili ndiko kusakinisha. Maelekezo ya Eigen yenyewe yanaruhusu kunakili, sibishi. Lakini ukisakinisha kwa CMake, heda huingia include/eigen3 zikiandamana na eigen3.pc na Eigen3Config.cmake. Kwa hizo, mradi mwingine huandika find_package(Eigen3) ukajua heda ziko wapi na ni za toleo gani. Anayenakili hubaki kubahatisha.

Eti ikikompaili imefaulu. Hapa ndipo watu huumia. Kiolezo ambacho hakijaitwa, kompaila hukipitia juujuu tu. Kosa linalotegemea aina ya data hulala humo hadi atokee mtu wa kukiita kwa aina hiyo. Kwa hiyo jaribio la maana hukiita kwa float, kwa double, kwa namba changamani, kwa matriki za ukubwa maalumu na za ukubwa unaobadilika. Si ajabu majaribio ya Eigen huchukua muda mrefu. Ongeza na jaribio hili la bei ya bure, ambalo wengi hulisahau: faili mbili za .cpp zenye heda ileile, ziunganishwe. Ukisahau inline kwenye kitendakazi cha kawaida, linka itapiga kelele: multiple definition.

Eti hakuna migongano kati ya faili zilizokwisha kukompailiwa. Kompaili faili moja kwa -mavx na jingine bila, kisha yapeane Vector4d. Upande mmoja unaipanga kwenye mipaka ya baiti 32, mwingine 16. Linka inanyamaza, programu inaweza kuanguka ikishaanza kazi. Dawa ni EIGEN_MAX_ALIGN_BYTES yenye thamani moja kila mahali. Maktaba ya aina ya INTERFACE katika CMake huweza kuifikisha thamani hiyo kwa kila anayeiunganisha. Folda iliyonakiliwa haiwezi.