Kiingereza Hakifunguki kwa Neno Moja Moja

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka husikika malalamiko yale yale, kwamba watoto wetu wa Pwani hawakiwezi Kiingereza. Wako wanaozidisha, wakasema kuwa sababu ni chuo. Ati mtoto aliyeanzia alifu na bee kichwa chake kimekwisha kujaa, hakina tena nafasi ya lugha ya Kizungu. Mimi nasema maneno haya hayana msingi. Kasoro haimo katika vichwa vya watoto, imo katika njia wanayofunzwa. Nitachukua jambo moja tu kuthibitisha hayo, nalo ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na vijineno kama "up", "off", "out" na "after".

Tuanze na "look". Mtoto amefunzwa kuwa maana yake ni kutazama, na ni kweli. Lakini Mwingereza akisema "She looks after her mother", hasemi kuwa binti huyo yuatazama nyuma ya mamake, asema yuamtunza. "He is looking for his goat" ni yuamtafuta mbuzi wake. "The police looked into the matter" ni polisi waliichunguza habari ile. "They look down on fishermen" ni wanawadharau wavuvi. Na "We are looking forward to Idd" ni twaingojea Idi kwa hamu. Kitenzi chao ni kimoja, nasi tumehitaji vitano. Jahazi ni hilo hilo na tanga ni hilo hilo, lakini usukani ndio uamuao kama litafika Lamu au Vanga. Kijineno ndio usukani wenyewe.

Wala shida hii si ya watoto wetu peke yao. Samuel Johnson, bingwa wa Kiingereza aliyetoa kamusi yake mwaka 1755, alieleza katika utangulizi wake kuwa vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatatiza wageni zaidi. Na historia yao yaeleweka. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilishika baraza za wakubwa na mahakama, na Kilatini kikabaki lugha ya wanavyuoni. Kutoka huko Waingereza wakapata maneno kama "surrender" na "tolerate". Lakini mtu wa kawaida aliendelea kujenga kwa matofali yake mwenyewe, akasema "give up" kwa kusalimu amri, na "put up with" kwa kuvumilia. Kwa hivyo mwanafunzi aliyekariri maneno makubwa ya vitabuni huduwaa akisikia "I cannot put up with this noise", ilhali kila neno humo alijua moja moja.

Sasa nirudi kwa wale wanaokilaumu chuo. Mtu yeyote aliyefunzwa nahau ya Kiarabu japo kidogo ajua kuwa "raghiba fii" ni kukitaka kitu, na "raghiba an" ni kukipa mgongo. Kitenzi ni kimoja, harufu iliyofuata imekipindua kutoka kutaka hadi kukataa. Ajua pia kuwa "jaa" ni alikuja, na "jaa bi" ni alileta. Je, si mlango ule ule wa Kiingereza? Mtoto wa chuoni ameutangulia kuuona. Lililobaki ni mwalimu amwonyeshe kuwa ufunguo anao mfukoni.

Hata Kiswahili chenyewe chatufunza hayo. Aliyekula kiapo hakukitia tumboni, na aliyekula hasara hakushiba. Twapiga simu, twapiga pasi na twapiga mbizi, na hakuna aliyechapwa. Tena sisi hatuhitaji kijineno cha nyuma, maana twakibadilisha kitenzi chenyewe mkia: funga, fungua, fungia, fungana, fungamana. Ndiyo maana "The meeting was put off until Friday" kwetu ni "Mkutano uliahirishwa hadi Ijumaa". Asili ya ahirisha ni Kiarabu, mkia ni wetu, na neno moja limetosha.

Lipo jambo jingine ambalo orodha ya maneno haiwezi kumfunza mtoto, nalo ni mpango wa sentensi. Mlangoni mwa msikiti twavua viatu, na Mwingereza husema "Take off your shoes". Akitaja kofia kwa kifupi husema "Take it off", na "it" yaingia katikati. "Take off it" si Kiingereza. Lakini kwa kutunza husema "Look after it", na hapo "it" yakaa mwisho. Isitoshe, "The plane took off from Mombasa" haina habari ya kuvua, ndege ilipaa. Haya hayajulikani ila kwa sentensi kamili, zilizosikiwa na kutamkwa mara nyingi.

Msomaji ataniuliza, je, yote haya yana uzito gani? Yana uzito mkubwa. Daktari akimwambia mgonjwa wa presha "Cut down on salt", amemwambia apunguze chumvi. Akimwambia "Cut out salt", amemwambia aiache kabisa. Na mtu akiambiwa "Sign for the letter", yuatakiwa atie sahihi kuwa amepokea barua. Lakini "sign away your land" ni kutia sahihi ya kuitoa ardhi yako mikononi mwako. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini karatasi nyingi za ardhi bado zaandikwa Kiingereza. Sisi watu wa Pwani twajua shamba la urithi lina thamani gani. Si vyema lipotee kwa kijineno kimoja ambacho hakuna aliyetufasiria.

Nao wanaofasiri neno kwa neno wameanza kukiharibu Kiswahili. Siku hizi twasikia kuwa "harusi itachukua nafasi Jumamosi". Ichukue nafasi ya nani? Harusi hufanyika. Twaambiwa pia kuwa kamati "imekuja na mpango", kana kwamba iliubeba kikapuni. Kamati imebuni mpango. Wako wanaosema kuwa lugha zote huazima, na hilo silipingi. Tumeazima shati, skuli na dereva, na hakuna aliyedhurika. Lakini kuazima neno ni kuazima sufuria kwa jirani; kuazima mpango wa sentensi ni kumwachia jirani jiko lako akupikie.

Ombi langu kwa walimu ni jepesi. Waache kuwapa watoto orodha ndefu za kukariri. Mtoto apige mistari katika daftari lake apate safu tatu: ya kwanza kitenzi na kijineno chake, ya pili sentensi nzima ya Kiingereza, ya tatu kitenzi cha Kiswahili chenye maana hiyo. Vitano kwa siku vyatosha. Akimaliza mwaka atakuwa amefaidi lugha mbili kwa mpigo, na hatamwambia mtu kuwa harusi ya dadake imechukua nafasi. Na wazazi wasimtoe mtoto chuoni kwa kuhofia Kiingereza. Huko chuoni alikwisha kufunzwa kuwa harufu moja ndogo yaweza kukigeuza kitenzi kizima.

Wabillahi tawfiq.