Kabla ya kununua mfumo wa kompyuta, ushirika uulize umejengwa juu ya nini

DAFTARI la chama cha ushirika mkoani Tabora linahama kabatini na kuingia kwenye kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekuwa ikivisajili vyama katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa kifupi kama MUVU, na Aprili 28, 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa jijini Dodoma. Mbali na mfumo huo wa taifa, vyama vikuu, Saccos na wafanyabiashara wanatengenezewa mifumo yao wenyewe ya kupokea mazao, kukopesha pembejeo na kulipa wakulima.

Mara nyingi bodi ya chama inapokaa kuchagua fundi, mambo mawili ndiyo hujadiliwa: bei na namna kurasa zinavyopendeza. Swali moja kubwa husahaulika. Mfumo huo umejengwa juu ya kiunzi gani, na kiunzi hicho kitakuwa na watu wa kukitunza baada ya miaka 10 au 15?

Swali hilo linaonekana la mafundi, lakini anayelipa gharama ya jibu baya ni mkulima. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge huchukua mbolea kwa mkopo kupitia chama, huuza mzigo wa madaraja tofauti kwa bei inayopangwa kwa dola ya Marekani, kisha hukatwa deni na kulipwa kinachobaki kwa shilingi. Kumbukumbu hizo zikipotea au zikishindwa kusomeka, hakuna wa kuthibitisha nani anadaiwa na nani ameshalipa.

Kiunzi ni nini

Fundi anayetengeneza mfumo wa chama haanzi na karatasi tupu. Zipo kazi ambazo kila mfumo unazo, kama vile kumtambua mtumiaji kwa neno la siri, kupokea fomu, kuhifadhi kumbukumbu, kuzitafuta na kuchapa ripoti. Kazi hizo zimekwishaandikwa na watu wengine na kuwekwa pamoja. Fundi huongeza juu yake yale yanayokihusu chama, yaani madaraja ya zao, makato ya pembejeo na malipo ya wanachama.

Mkusanyiko huo wa kazi zilizo tayari ndio kiunzi, au fremuweki kwa lugha ya mafundi. Laravel, Django, Spring na Angular ni majina ya baadhi yake. Mwanachama anayetazama salio lake kwenye simu hakioni kiunzi, lakini kila kitu anachokiona kimesimama juu yake.

Njia yenye maji

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliokuwa uti wa mgongo wa biashara hiyo. Viongozi wa misafara hawakutazama ufupi wa njia peke yake. Walitafuta njia yenye maji na chakula cha kununua kila kituo. Ndiyo maana walikubali kulipa hongo kwa watemi wa Ugogo, kwani bila visima vya huko mzigo usingefika.

Kiunzi nacho huchaguliwa hivyo hivyo. Maji yake ni watu: wanaokiandika na kukirekebisha, wanaokifundisha vyuoni, na mafundi wanaoweza kuajiriwa pale aliyetengeneza mfumo anapohama mji au kubadili kazi. Kiunzi kipya kinaweza kumsaidia fundi kumaliza kazi kwa wiki chache, lakini kama anayekijua mkoani ni yeye peke yake, chama kimejifunga kwa mtu mmoja.

Hii haina maana kwamba kila cha zamani ni kizuri. Kiunzi cha zamani ambacho hakuna anayekirekebisha tena ni kisima kilichokauka. Kinachotakiwa ni kile chenye umri wa kutosha kuonyesha tabia yake, na ambacho bado kinatolewa matoleo mapya kwa ratiba inayojulikana. Django ilitolewa kwa umma mwaka 2005, Spring toleo la kwanza mwaka 2004 na Laravel mwaka 2011. Vyote vitatu bado vinaendelezwa.

Majina makubwa nayo huanguka

Wapo wanaodhani kuwa jina la kampuni kubwa linatosha kuwa dhamana. Historia ya karibuni haionyeshi hivyo. Silverlight ya Microsoft ilitoka mwaka 2007 na huduma yake ikakoma Oktoba 2021. Flash ya Adobe, ambayo wakati fulani ilikuwa karibu kila kompyuta, ilifikia mwisho Desemba 31, 2020.

Mfano mzito zaidi ni AngularJS ya Google, iliyotoka mwaka 2010 na kupendwa na mafundi duniani kote. Mwaka 2016 ilitolewa Angular mpya iliyoandikwa upya kabisa. Mifumo iliyokuwa imejengwa kwa ile ya kwanza haikuweza kuhamia kwenye ile mpya bila kazi kubwa ya kuiandika tena, na Desemba 31, 2021 huduma ya ile ya zamani ilisimama.

Mkazi wa Tabora anaweza kulielewa jambo hilo kwa kutazama reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiwa na upana wa mita moja. Serikali ilipoamua kujenga reli ya kisasa ya SGR yenye upana wa milimita 1,435, haikuwezekana kuitanua ile ya zamani kidogo kidogo. Ilibidi ijengwe njia nyingine, yenye vichwa na mabehewa yake. Mwaka 2024 treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mikataba ya vipande vya Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Kigoma ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Taifa linaweza kubeba gharama kama hiyo kwa mipango ya miaka mingi. Chama cha msingi hakiwezi kujenga mfumo wake upya kila mara kiunzi kinapokufa.

Sheria hubadilika, mfumo nao ubadilike

Tuchukue mfumo wa biashara ulioandikwa mwaka 2007. Mwaka uliofuata M-Pesa iliingia nchini, na malipo yakaanza kupita kwenye simu. Mwaka 2009 kodi ya ongezeko la thamani ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Mwaka 2010 zikaja mashine za EFD. Mwaka 2013 ikatungwa Sheria mpya ya Vyama vya Ushirika, na mwaka 2017 malipo ya Serikali yakaanza kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo. Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika, nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Hakuna fundi ambaye angeyajua hayo yote mwaka 2007. Kwa hiyo mfumo unaofaa kwa miaka mingi ni ule unaokubali kubadilishwa sehemu moja bila kuvuruga nyingine, na ambao mgeni anaweza kuusoma akauelewa. Viunzi vilivyokomaa vinasaidia hapa kwa sababu vinamlazimisha fundi kupanga kazi yake kwa utaratibu unaojulikana na wenzake.

Usalama nao hauwezi kuahirishwa. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Wezi walipitia ufa kwenye kiunzi kiitwacho Apache Struts. Kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo, ila kampuni haikukiweka kwa wakati. Chama chenye kumbukumbu za mikopo ya wanachama wake, hata kama ni 500 tu, kiko katika hatari ya aina hiyohiyo.

Hesabu ya miaka 15

Tuseme chama kina fundi wawili mbele yake. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu, za kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Fundi wa kwanza anataka Sh8 milioni kwa kiunzi kipya, na matunzo ya Sh1 milioni kwa mwaka. Wa pili anataka Sh12 milioni kwa kiunzi kilichokomaa, na matunzo ya Sh1.5 milioni kwa mwaka, yakiwamo kupandisha toleo kila linapohitajika.

Bodi inayotazama bei ya siku ya kwanza itamchagua wa kwanza bila kusita. Lakini iwapo kiunzi chake kitakufa kila baada ya miaka mitano, mfumo utaandikwa mara tatu ndani ya miaka 15, yaani Sh24 milioni. Matunzo yatakuwa Sh15 milioni, na kuhamisha kumbukumbu mara mbili kwa Sh2 milioni ni Sh4 milioni. Jumla ni Sh43 milioni. Kwa fundi wa pili, ujenzi ni Sh12 milioni, matunzo Sh22.5 milioni, na tuseme ukarabati mmoja mkubwa wa Sh5 milioni. Jumla ni Sh39.5 milioni.

Tofauti ya Sh3.5 milioni si ndogo, lakini hasara kubwa zaidi haimo kwenye hesabu hiyo. Ni msimu wa masoko unaokuta mfumo umesimama, wakulima wakiwa wamepanga foleni na karani akirudi kwenye karatasi.

Ikumbukwe pia kuwa hata kiunzi kizuri kinadai matunzo. Kila toleo la Laravel hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka miwili, na matoleo maalumu ya Django yanayotunzwa kwa muda mrefu hupewa takriban miaka mitatu. Chama kisichotenga fedha za kupandisha toleo kitafika pabaya hata kikichagua vizuri.

Kumbukumbu zitengwe na kiunzi

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa Kigoma kwa vipande. Miaka ya 1970 ilitolewa injini za mvuke na kuwekewa za dizeli, bodi yake ikabaki ileile. Mfumo wa chama unapaswa kuwa hivyo: kumbukumbu zikae kwenye hifadhidata inayojitegemea, ili kiunzi kiweze kubadilishwa bila kuzigusa.

Mfano wa mfumo wa namna hiyo upo hapahapa Afrika Mashariki. Sekta ya afya hutumia mfumo wa takwimu uitwao DHIS2, wenye chimbuko Afrika Kusini miaka ya 1990 na unaoendelezwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa washiriki wake. Kenya iliuanza kwa nchi nzima mwaka 2011. Sehemu yake ya ndani imeandikwa kwa Java, lugha ya tangu mwaka 1995, wakati kurasa za mbele zimekuwa zikibadilishwa moja baada ya nyingine kuingia kwenye teknolojia mpya.

Kwa upande wa Saccos ipo Apache Fineract, programu huria ya mikopo na akiba iliyotokana na mradi wa Mifos wa mwaka 2006. Kabla ya kumlipa fundi aandike upya hesabu za riba, ni busara kuuliza kama iliyopo haitoshi. Vilevile mwenye duka moja pale mjini hana haja ya kutengenezewa mfumo wake. Programu iliyo tayari itamtosha.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kwanza, kiunzi kina umri gani, na toleo linalopendekezwa litatunzwa hadi mwaka gani? Pili, ni mafundi wangapi wengine mkoani au nchini wanaokifahamu, na je, wanaweza kutajwa? Tatu, kurasa ni nyepesi kiasi gani? Viunzi vinavyopakia kazi kubwa kwenye simu humaliza bando na kusumbua pale mtandao ulipo dhaifu. Kwa vijiji vya Kaliua na Uyui, kurasa zinazotayarishwa kwenye kompyuta kuu na kutumwa zikiwa tayari zinafaa zaidi.

Nne, nani anamiliki programu iliyoandikwa? Mkataba useme wazi kuwa ni chama, na kwamba nakala kamili ya programu pamoja na maelezo yake itakabidhiwa. Tano, kumbukumbu zote zinaweza kutolewa na kusomwa kwa programu nyingine? Chama kidai kuonyeshwa jambo hilo kwa vitendo kabla ya kulipa fungu la mwisho.

Vyama vidogo visijaribu kubeba mzigo huu kila kimoja peke yake. Vyama vikuu kama WETCU na Milambo vina nafasi ya kuwakusanya wanachama wao, kununua mfumo mmoja na kuajiri mafundi wawili au watatu wa kudumu, kwa kushauriana na Tume ili mfumo huo uweze kuzungumza na MUVU.

Mwanachama wa kawaida naye asiliachie suala hili kwa bodi na fundi. Ajenda ya ununuzi wa mfumo inapofika kwenye mkutano mkuu, asimame aulize gharama ya miaka 15 na jina la mtu wa pili atakayeweza kuutengeneza. Kama majibu hayo hayapo, mkutano una haki ya kuahirisha ununuzi hadi yapatikane.