Ada ya mkubwa, zawadi ya mtoto

KUTOKA MCHANGANI, na Bin Shoto

Nimeudhika, na wiki hii sababu si ule mpira wa futi mbili unaogoma kuingia shimoni kila ninapotazamwa na watu. Huo wasomaji wangu mmeshauzoea. Kilichoniudhi ni watu wazima wenye mvi na vyeo kumdhulumu mtoto wa miaka 13 mchana kweupe, kisha wakampigia makofi.

Jumamosi kwenye klabu yetu ya gofu palikuwa na shindano la mwezi. Jina la klabu silitaji, kwani ada ya mwaka nimeshalipa na hawarudishi. Binti mmoja wa kidato cha kwanza alijiandikisha kama wengine, akalipa kiingilio kamili cha mtu mzima, akapangwa kundi moja na mabwana watatu, mmoja wao akiwa Mzee Kifutio. Wasomaji wapya waelewe kwamba jina hilo hakupewa na wazazi wake. Amelipata kwa namna anavyojaza kadi ya matokeo. Ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye mpira wake ukiingia kichakani hukutwa umelala pazuri kuliko ulipotoka.

Mimi nilikuwa kundi la nyuma yao, nikaona yote. Binti hapigi mbali. Anapiga katikati, anaufuata mpira, anapiga tena katikati. Alipotumbukia mchangani alitoka kwa mkwaju mmoja, akachukua reki akasawazisha nyayo zake, kazi ambayo wanachama wa siku nyingi hudhani ni ya kedi. Akamaliza kwa mikwaju 88. Ukiondoa handikapu yake ya mikwaju 22, neti 66. Kifutio alifuata kwa neti 69, na kwa kuwa binti ndiye aliyemwandikia kadi, safari hii kifutio hakikupata kazi.

Ikaja saa ya zawadi. Mdhamini alikuwa ameleta televisheni, kubwa, imesimamishwa mezani ikiwa bado ndani ya boksi. Kamati ikajifungia ofisini, ikakaa huko mpaka nyama choma ikapoa. Ikatoka na kauli: zawadi za shindano la wakubwa ni za wakubwa, binti atatambuliwa kama kijana bora wa siku. Alikuwa kijana pekee wa siku. Akapewa kofia, na kofia yenyewe ilimfunika mpaka machoni. Makofi yakapigwa. Kifutio akabeba televisheni. Aibu aliiona kidogo, lakini si kiasi cha kuiacha.

Nikamuuliza mjumbe mmoja sheria hiyo imeandikwa wapi. "Mzee Shoto," akanijibu, "mambo mengine ni busara tu." Busara hiyo ilikuwa wapi asubuhi, pale dirishani, walipokuwa wakihesabu fedha za kiingilio chake?

Sheria inayojulikana mapema haina ubaya. Agosti 2012 Lydia Ko wa New Zealand, akiwa na miaka 15, aliwashinda wanawake wa kulipwa kwenye mashindano ya wazi ya Kanada. Alikuwa mchezaji wa ridhaa, na wa ridhaa hachukui fedha za namna hiyo, jambo alilolijua kabla hajafunga kamba za viatu. Dola 300,000 za mshindi zikaenda kwa Inbee Park aliyekuwa wa pili. Lakini kombe lilikuwa la Ko na ushindi ukaandikwa wa Ko. Sisi tumechukua hata jina. Nendeni mkasome ubao wa matangazo: mshindi wa mwezi ni Kifutio.

Baa nzima sasa imejaa wataalamu wa malezi. Mmoja anasema watoto wanachelewesha mchezo. Guan Tianlang wa China alicheza Masters mwaka 2013 akiwa na miaka 14. Alipojivuta, akaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu, akanyamaza, akaendelea, akamaliza siku zote nne. Dawa si ndiyo hiyo? Kwetu anayechelewesha ni bwana anayepokea simu akiwa amesimama juu ya mpira, na sijaona aliyethubutu kumwongezea hata nusu mkwaju.

Mwingine anasema handikapu ya mtoto haiaminiki, na hilo lina uzito kidogo. Mfumo wa dunia ulioanza 2020 huchukua wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, na mtoto hupanda kiwango haraka kuliko kumbukumbu zake. Sawa. Kamati ina mamlaka ya kuishusha handikapu hiyo. Iishushe Jumatatu, isimnyang'anye mtu Jumamosi. Na ikishashika kalamu, iwapitie pia wale waungwana ambao handikapu zao huota mbawa kila Novemba, zawadi za Krismasi zinapokaribia.

Kisha wapo wanaosema mtoto asisikie lugha yetu wala asione chupa zetu. Hapa ndipo damu inaponichemka. Miaka nenda rudi vijana wadogo wametubebea mabegi mashimo 18, wakisikia matusi hayo hayo, wakitumwa bia hizo hizo, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao kuhusu maadili yao. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki wametokea huko huko kwenye ukedi. Mtoto akibeba begi, kimya. Mtoto akishinda, maadili.

Tusizungushane. Kinachowauma ni mtu aliyenunua fimbo za mamilioni kupigwa na binti mwenye fimbo za kuazima, halafu Jumatatu ofisini aulizwe matokeo.

Nahodha wetu namheshimu, kwa hiyo namwandikia waziwazi. Televisheni irudi kwa mwenyewe. Jina la binti liandikwe ubaoni. Na kama watoto hamwataki, semeni hivyo kwenye fomu kabla ya kupokea fedha zao. Nanyi wazazi, mwezi ujao msitoe hata shilingi pale dirishani kabla hamjaonyeshwa sheria kwa maandishi.