Chukudu ipewe heshima yake

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wanaotamani kuunda chombo cha mbao cha kuteremkia barabarani wasitafute mfano mbali. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mafundi huunda chombo cha aina hiyo, kiitwacho chukudu, kwa panga, tezo na misumari.

Mwili wake ni ubao mnene, mara nyingi wa mkaratusi. Magurudumu mawili huchongwa kwa mti mgumu, yakavishwa vipande vya tairi kuukuu ili yastahimili mawe ya volkano. Mbele husimama usukani mpana wenye umbo la pembe za ng'ombe.

Kwenye mteremko wa kutoka eneo la Kibumba, dereva hupiga goti juu ya chombo kilichosheheni viazi, kabichi au makaa, akashuka kwa kasi hadi mjini. Mzigo huweza kufika mamia ya kilo. Breki yake? Kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma.

Tangu 2009, Goma ina sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu. Sanamu haitoshi. Wakuu wa mji wawatengee madereva hawa njia pembeni ya barabara, na fundi yeyote anayeiga chombo hiki asikiteremshe kabla ya kuijaribu breki.

Wako msomaji,
Goma